Sinema Nyumbani Kando ya Tanganyika: Hesabu ya Mwenye Nyumba wa Baraka

Mwezi unapopevuka juu ya Ghuba ya Burton, na nuru yake ikatapakaa majini hata ndagala wasiwe na sababu ya kuifuata taa ya mvuvi, mitumbwi ya Baraka hupandishwa mchangani, nyavu hutandazwa zipate kushonwa, na wanaume ambao usiku wa giza lote la mwezi hawakulala majumbani mwao hurejea kwa ahali zao wakiwa na fedha kidogo mkononi na saa nyingi za jioni mbele yao. Ndio wakati ambao nyumba za video hujaa. Wengi hulipa kiingilio, wakaketi juu ya viti vya mbao ndani ya joto na moshi wa jenereta, wakatazama mpira au filamu, kisha wakarudi nyumbani usiku ambapo wake na watoto wao wamekwisha kulala. Wachache, na idadi yao yaongezeka, hujiuliza kwa nini fedha hiyo hiyo, ikikusanywa kwa tadbiri, isiwawekee tafrija hiyo chini ya paa lao wenyewe. Kwa ajili yao naandika.

Kosa ambalo nimeliona likirudiwa na watu wenye akili timamu na bidii ya kazi ni kuanza na kioo. Mtu husafiri hadi Uvira, au humwagiza mfanyabiashara aendaye Kigoma, akaletewa televisheni ambayo haipiti mlangoni ila kwa kulazwa upande. Na baada ya furaha ya kuifungua sandukuni, ndipo aulizapo itakula nini. Utaratibu ulio sahihi, kwa rai yangu, ni wa kinyume kabisa: hesabu ianze kwenye jua, ipite kwenye betri, ifike kwenye sauti, na kioo kiwe cha mwisho kuchaguliwa, kwa kuwa katika vyote hivyo ndicho kitu ambacho udogo wake haumwondolei mtu starehe. Mwenye kioo kidogo na umeme wa kutosha hutazama hadithi mpaka mwisho wake, ilhali mwenye kioo kikubwa na betri dhaifu huachwa gizani wakati mhalifu bado hajakamatwa.

Wako wazee watakaosema kwamba katika wilaya yetu ya Fizi, iliyopata misiba, na ambamo barabara ya kwenda Uvira hukatika kila masika, kuzungumza juu ya sinema ni israfu. Siafikiani nao, na sababu yangu ni ya kihistoria. Watu wa Kongo wamekuwa wakionyeshwa picha kwa muda mrefu kabla hawajapata kuchagua picha za kutazama. Zama za Wabelgiji serikali ilichuja filamu, ikaamua zipi zamfaa Mwafrika na zipi hazimfai. Magari ya idara ya habari na ya wamisionari yalizunguka na kitambaa cheupe na mashine. Na huko Kasai, katika miaka ya 1950, padre Albert van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili, ambavyo watu walivicheka kwa dhati, ingawa mafunzo yaliyofungwa ndani yake yalikuwa ya yule aliyeshika mashine. Televisheni ya Kinshasa ilianza mwaka 1966, nayo ikasema aghalabu kwa Kifaransa na Kilingala, ikiwa mbali nasi kwa masafa na kwa lugha. Waswahili wenzetu wa upande wa mashariki hawakupata mapema wote: Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilingoja mpaka mwaka 1994.

Kisha vikaja vita vya mwaka 1996, na vile vilivyofuata mwaka 1998, na maelfu ya watu wa Fizi wakavuka ziwa. Waliokaa katika kambi za Nyarugusu na Lugufu, mkoani Kigoma, walilea watoto huko. Na tangu Oktoba 2005, meli zilipoanza kuwarejesha kutoka Kigoma hadi Baraka, walirudi na mabati, na masufuria, na Kiswahili cha shule za kambini, na pia mapenzi ya filamu za Kitanzania. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, msiba wake haukuishia Dar es Salaam. Hata ng'ambo hii ya ziwa palikuwa na watu waliomjua kwa sura na sauti. Pamoja na filamu hizo zilikuja zile za kigeni zilizosimuliwa kwa Kiswahili na watu kama Lufufu wa Dar es Salaam, ambaye alisimama kati ya picha na mtazamaji akamwelezea kila jambo, hata yale ambayo wachezaji wenyewe hawakuyasema. Kwa hiyo mama wa Mboko au Sebele asiyejua Kiingereza wala Kihindi aweza leo kuifuata hadithi ya Bombay au ya Hong Kong kwa lugha yake, jioni, huku akichambua mboga. Tafrija ya namna hiyo, inayomkusanya baba na mama na watoto mahali pamoja, sioni kwa nini iitwe anasa.

Sasa tuingie katika hesabu. Maporomoko ya Ruzizi hutoa umeme unaowaka Bukavu na Uvira, lakini mwenye nyumba wa kawaida wa Baraka hategemei waya wa SNEL, shirika la umeme la taifa, na yule wa mji wa Fizi kule milimani hautegemei kabisa. Jenereta hupatikana, na kwa mara ya kwanza huonekana kuwa rahisi; ila esansi huifuata kila jioni, bei yake hupanda barabara inapoharibika, na kelele zake humeza nusu ya mazungumzo ya filamu. Limebaki jua, ambalo katika nyuzi 4 za kusini mwa ikweta halitupungukii sana kwa mwaka mzima. Wavuvi wetu wamekwisha kuwa mafundi wa jambo hili pasipo kwenda shule yoyote, kwa maana wengi wao wameacha karabai za mafuta ya taa, na sasa huvua kwa taa za LED na betri. Mtu anayejua betri yake itadumu mpaka saa ngapi za usiku katikati ya ziwa hahitaji kufundishwa sana namna ya kuwasha televisheni sebuleni.

Chukua karatasi uandike kila kitu kitakachowaka kwa pamoja, na wati zake. Televisheni ya LED ya inchi 32 hula takriban wati 40, dekoda 15, amplifaya ya kiasi pamoja na bafle zake 35, na balbu mbili za kumulika njia 10. Jumla ni wati 100. Zikiwaka saa nne, ni wati-saa 400. Inveta, ambayo hugeuza umeme wa betri uwe kama ule wa waya, hujipatia sehemu yake, basi ongeza kiasi cha asilimia 15, ufikie wati-saa 460 hivi. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa maandishi, lakini ukiitoa zaidi ya nusu yake kila usiku utaiua kabla ya wakati, kwa hiyo uihesabu kuwa na 600 tu. Inatosha, na akiba kidogo imebaki. Ili kuijaza tena, jua la kutwa moja lihesabiwe kuwa sawa na saa nne za jua kali, uondoe theluthi kwa ajili ya joto, vumbi na mawingu ya kupita. Paneli ya wati 200 itakurudishia zaidi ya wati-saa 500. Hiyo ndiyo nyumba iliyokaa sawa.

Jaribu sasa kubadilisha vitu viwili tu, uweke televisheni ya inchi 43 inayokula wati 80 na amplifaya ya wati 45. Jumla yako imefika wati 150, usiku wako umefika wati-saa 600 kabla ya kuhesabu inveta, na ile betri moja haitoshi tena. Sharti ununue ya pili, na paneli ya pili ya kuilisha. Inchi kumi na moja za kioo na amplifaya iliyozidi kidogo zimekuzidishia gharama ya umeme karibu mara mbili. Na yule aliyevutiwa na projekta ya taa ya zamani, ambayo hula wati 250 na zaidi, atahitaji wati-saa 1,000 kwa projekta peke yake. Projekta ndogo za LED, za wati 60 au chini yake, ni habari nyingine, nazo zafaa katika chumba chenye giza au uani usiku, mradi mnunuzi asiyaamini maelfu ya lumeni yaliyoandikwa juu ya sanduku.

Juu ya maandishi ya masanduku, natamani kila mnunuzi wa soko la Baraka ajue kipimo kimoja. Jua la adhuhuri huangusha juu ya mita moja ya mraba nguvu ya takriban wati 1,000, na paneli nzuri ya siku hizi hugeuza moja ya tano yake kuwa umeme. Maana yake, paneli ya wati 200 haiwezi kuwa na eneo lililo pungufu sana ya mita moja ya mraba. Nenda dukani na utepe wa fundi cherehani, pima urefu, pima upana, uzidishe. Muuzaji akikuonyesha kitu cha nusu mita ya mraba kilichobandikwa karatasi ya wati 200, muage kwa heshima. Vivyo hivyo kwa amplifaya zinazojisifu kuwa na wati elfu tano: hizo ni hesabu za karatasi, na mwili wake ukiwa mwepesi mkononi, transfoma ndogo iliyo ndani haiwezi kutoa hata mia. Betri ya gari, ingawa bei yake hupendeza, iliumbwa kuwasha injini kwa sekunde chache, si kuhudumia nyumba usiku kucha, na aghalabu haimalizi mwaka katika kazi hii. Nyaya nazo ziwe nene. Katika volti 12, wati 120 ni ampea 10, na waya mwembamba wa mita nyingi hugeuza sehemu ya umeme huo kuwa joto ndani ya ukuta, jambo ambalo ni hasara, na pia ni hatari ya moto.

Liko suala ambalo vitabu vya nchi zenye amani haviliandiki, nami sina budi kuliandika. Mtu wa Fizi amepata kukimbia, au baba yake amepata kukimbia, au anaijua vema njia ya kukimbilia. Akinunua kitu cha thamani hujiuliza, hata kama hasemi, kama kitabebeka. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 ina uzito wa karibu kilo 30. Ile ya lithiamu ya kipimo hicho hicho haizidi kilo 12 au 13, huruhusu kutumiwa hata asilimia 80 bila kudhurika, na yatarajiwa kuishi miaka mara mbili au tatu ya mwenzake. Bei yake ya kwanza ni kubwa. Hata hivyo, kwa mtu wa mahali petu, naiona kuwa stahiki ya fedha hiyo, maadamu imenunuliwa kwa mtu anayetoa dhamana, na kidhibiti cha kuchaji kikawa cha aina inayoifaa. Televisheni ya inchi 32 ina kilo nne au tano, kijana huichukua kwapani. Kwa hiyo vifaa vifungwe kwa skrubu zinazofunguka, na paneli isijengewe saruji juu ya paa.

Nimesema sauti hutangulia kioo, nami nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo nyumba zetu zinapotofautiana na zile za magazeti ya Ulaya. Ukuta wa tofali za kuchoma usiopakwa lipu hurudisha sauti vibaya, sakafu ya saruji huirudisha vibaya zaidi, na mabati yasiyo na dari, mvua ya masika inapoyapiga, hunyamazisha kila kitu, hata bafle za harusini. Mtu aweza kutumia fedha nyingi kununua bafle za nguvu ili kushindana na mvua hiyo, na bado akashindwa. Fedha ndogo iliyowekwa kwenye dari, iwe ya mbao nyepesi au hata ya mikeka iliyoshonwa na kutundikwa kwa kamba chini ya kenchi, itamfaa zaidi, kwani hupunguza ngurumo ya mvua, hupunguza joto la mchana, na huyapa maneno ya msimulizi utulivu wa kusikika. Pazia zito la kitenge katika ukuta ulio mkabala na bafle, mkeka mpana sakafuni, na watu wenyewe, ambao miili yao humeza mwangwi kuliko kitu chochote, hukamilisha kazi. Bafle mbili zinatosha. Ziwekwe usawa wa masikio ya walioketi, moja kila upande wa kioo, si juu ya kabati zikiitazama dari; na mashine zenye bafle tano au saba za kuzungusha chumba tuwaachie wenye vyumba vya kuzizungusha.

Kioo chenyewe nitakipitia upesi. Umbali wa kuketi uwe kama mara mbili ya kipimo cha pembe kwa pembe. Inchi 32 ni sentimeta 81, basi aliye umbali wa mita moja na nusu hadi mbili huona vizuri, na sebule nyingi za Baraka hazizidi sana hapo. Chagua televisheni inayokubali kuwashwa moja kwa moja na volti 12, kama ipo, kwa kuwa itakuepusha na hasara ya inveta; uhakikishe ina tundu la flashi, maana sokoni filamu hujazwa kwenye flashi kwa bei nafuu kuliko kuzivuta kwa intaneti ya simu.

Fedha zote hizi zatoka wapi? Mapato ya Baraka hufuata mwezi na maji. Giza la mwezi huleta ndagala na mikeke, mbalamwezi huleta mapumziko yasiyo na mapato; na tena, kwa ajili ya kulipa ziwa nafasi ya kuzaliana, Tanzania iliufunga uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, hatua inayomkumbusha kila mtu wa pwani za nchi zote nne za ziwa hili kwamba miezi mitatu bila samaki ni jambo la kuwekewa akiba. Mwalimu na muuguzi wana mshahara wa faranga, ambao huchelewa, ilhali televisheni na betri huuzwa kwa dola. Katika hali hiyo sishauri mkopo. Nashauri likelemba, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu, au vikundi vya kuweka akiba vya AVEC na MUSO ambavyo kina mama wa Kivu ya Kusini wameviendesha kwa uaminifu, na nashauri ununuzi wa hatua kwa hatua: zamu ya kwanza ya likelemba inunue paneli, kidhibiti na betri, na kabla televisheni haijafika nyumba iwe tayari ina mwanga wa watoto kusomea na mahali pa kuchaji simu. Zamu ya pili inunue amplifaya na bafle, ambazo kwa redio na kwaya zitakuwa zinatumika tangu siku hiyo. Kioo kingoje zamu ya tatu. Katika mgawanyo wa jumla nusu ya fedha yote iende kwenye umeme, robo kwenye kioo, na robo iliyobaki igawanywe kati ya sauti na dari.

Kisha yako matumizi ambayo watu huyasahau kwa sababu hayadaiwi siku ya ununuzi. Abonema ya dekoda hudaiwa kila mwezi, naye mwenye busara huilipia miezi ya mashindano tu. Betri hufa. Ikiwa ilinunuliwa, tuseme, kwa dola 144, na ikatazamiwa kuishi miaka mitatu, basi kila mwezi imekula dola 4 hata kama hakuna aliyezitoa mfukoni. Ziwekwe kando, na zisiguswe. Paneli, ambayo mchana hukaa juani betri ikiwa imekwisha kujaa, inaweza kuzipata dola hizo kwa kuchaji simu za majirani, kazi ambayo vijana wa nyumba hujifunza upesi na kwa uaminifu wakikabidhiwa daftari.

Majirani watakuja. Hakuna bajeti ya sinema ya nyumbani katika Fizi iwezayo kuandikwa kana kwamba watazamaji ni wale wanaolala ndani ya nyumba hiyo, kwa hiyo gharama ya mikeka miwili zaidi, balbu ya uani, na waya wa kuitoa televisheni barazani ihesabiwe tangu mwanzo. Tarehe 7 Februari 2024, katika nusu fainali ya Kombe la Afrika mjini Abidjan, wachezaji wa Kongo walipoziba vinywa vyao kwa kiganja kimoja na kuelekeza vidole viwili vya mkono mwingine kwenye panja kama bastola, ili dunia iwatazame watu wanaouawa mashariki ya nchi yao, walikuwa wakituzungumzia sisi. Timu ilifungwa bao moja na Kodivaa. Lakini mtu wa Fizi aliyeiona ishara ile akiwa barazani, kati ya wazee na watoto wake, aliipata kwa namna ambayo nyumba ya video yenye kelele haiwezi kumpa. Na kama kuna usiku mmoja uliostahili betri nzima, ni ule.

Sehemu moja ya fedha naiombea hasa, ingawa ni ndogo na wengi hawaiandiki. Katika simu zetu zimo harusi, kwaya za Pasaka, mazishi ya wazee, na wazee wenyewe wakisimulia kwa Kibembe namna walivyovuka ziwa na waliowaacha nyuma. Simu huibiwa, huanguka majini, hufa. Diski moja ya kuhifadhia, inayochomekwa katika televisheni ile ile, hugeuza picha hizo kuwa filamu ya nyumba, ambayo watoto wataitazama na kuuliza majina ya watu waliomo. Zinunuliwe diski mbili zenye vitu vile vile: moja ikae sebuleni, na ya pili ipelekwe kwa ndugu aliyeko Kigoma au Uvira, ikaongezwe picha mpya kila apatikanapo mtu wa kuaminika anayesafiri kwa boti.